Shikamoo Kabla ya Umri

Mwanamume akishavuka umri fulani kuna vitu viwili vya kumuumbua: ngazi na shikamoo. Ngazi unaweza kuzikwepa, hasa huku Marekani kwenye lifti kila kona. Shikamoo haikwepeki. Inakufuata kanisani, inakufuata msibani, inakukuta kwenye foleni ya kulipia nyama, na ukiitikia tu "marahaba" umeshatia sahihi kwamba wewe ni mzee.

Dunstan Ndunguru, mtu wa Mbinga na mkazi wa Falls Church, alikuwa na mbinu zake. Akimwona kijana anamjia na uso wa adabu, anamuwahi: "Mambo vipi?" Vijana walishamzoea. Walimjibu "poa" wakaenda kuchekea mbele, maana mambo-vipi ya Dunstan mara nyingi ilitoka pamoja na kikohozi.

Mtu mmoja tu alimshinda. Genoveva, mjane wa Temple Hills, ng'ambo ya mto upande wa Maryland, ambaye watu wote walimwita Mama Isack, alikuwa hawahiki. Kabla Dunstan hajafungua mdomo, mama wa watu ameshasema: "Shikamoo, Mzee Dunstan." Tena taratibu, mbele za watu, na kichwa anakiinamisha kidogo. Dunstan, mwenye ulimi wa kubishana na polisi wa barabarani, alibaki kuitikia marahaba kama mtoto anayelazimishwa kumeza klorokwini.

Na balaa lenyewe ni kwamba huyo ndiye aliyetaka kumwoa.

Usimcheke. Kumtongoza mtu anayekuamkia ni kazi ngumu kuliko udereva. Tena Mama Isack alishatangaza masharti yake hadharani, kwenye sherehe ya Pasaka ya mwaka uliopita, wenzake walipomchokoza kuhusu kuolewa tena. "Marehemu nimemuuguza miaka saba," alisema, huku anachambua mfupa wa mbuzi. "Nimemgeuza, nimemwosha, nimemlisha kwa kijiko, na sijutii. Lakini wa pili aje aniuguze mimi. Awe mdogo kwangu, au basi tulingane-lingane. Mzee simtaki tena ndani ya nyumba." Wanawake walicheka. Dunstan, aliyekuwa meza ya pili, alianza kupiga hesabu.

Mama Isack alijulikana kuwa na miaka hamsini na miwili. Dunstan, kwa upande wake, alikuwa na umri wa aina mbili, umri wa mama yake na umri wa karani.

Umri wa karani ulianza Dar es Salaam mwaka 1964. Kulikuwa na nafasi za udereva, lakini walitaka vijana wasiozidi ishirini na mmoja, na Dunstan alikuwa na ishirini na sita na ndevu juu. Karani mmoja mwenye huruma, na mwenye njaa pia, akala shilingi tano, akaandika kwamba huyu kazaliwa tarehe mosi Julai 1944. "Kunyoa ni juu yako," akamwambia. Tangu siku hiyo umri wa karani ulimfuata Dunstan kwenye pasipoti, kwenye viza, kwenye leseni ya Virginia, mpaka kwenye cheti cha uraia alichokilia kiapo mkono umeinuliwa. Umri wa mama yake ulibaki Mbinga kwenye daftari la ubatizo. Kwa karani alikuwa na hamsini na minne. Kwa mama yake alikuwa na sitini na mmoja, na magoti yake yalikuwa upande wa mama.

Hamsini na minne kwa hamsini na miwili, hapo mtu anaweza kusema tunalingana-lingana. Sitini na mmoja ni mzee, na mzee hatakiwi ndani ya nyumba. Kwa hiyo Dunstan aliamua kuushikilia umri wa karani kwa mikono miwili, na kama ujuavyo, umri wa uongo unahitaji matengenezo.

Fedha za matengenezo zilitoka pabaya. Hoteli aliyoifanyia kazi miaka kumi na tisa, akiendesha kibasi cha kuchukua wageni uwanja wa ndege, iliuzwa mwaka 1998, na wenye hoteli wapya wakaja na madereva wao. Dunstan akapewa barua: akiba yake ya uzeeni, ile iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara kila wiki mbili na ambayo Watanzania wote wanaiita fowa-wani-kei, imefika dola elfu kumi na nane na mia nne. Aiache hapo, aihamishie kwenye akiba nyingine, au aichukue. Leonard, mtoto wa dada yake, kijana wa kompyuta aliyekuwa akikaa naye, alimsihi.

"Anko, please, usiiguse. Hiyo ni ya uzeeni."

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. "Uzee wa nani?" Dunstan aliuliza, na wiki hiyohiyo akaitoa yote.

Wakakata asilimia ishirini ya kodi papo hapo, akabaki na elfu kumi na nne na ushee. Akazitumia kununua ujana. Alinunua Mustang nyekundu ya zamani kidogo, yenye paa la kukunja. Alinunua meno ya bandia, ya juu na ya chini, kwa daktari wa Arlington, dola elfu nne na mia tatu, meupe kupita kiasi. Alinunua piko ya nywele boksi zima, na jaketi la ngozi ambalo Leonard alikataa kuongozana nalo hadharani. Ng'ombe hazeeki maini, alijiambia kwenye kioo, na wala hakukosea, ila hakuna mtu anayemwangalia ng'ombe akayaona maini. Halafu, kwa kuwa Mungu naye anapenda mzaha, kazi mpya aliyoipata ilikuwa kuendesha gari la nyumba ya wazee. Wazee waliomzidi miaka miwili mitatu walimwita kijana, naye alirudi nyumbani amefurahi.

Januari 1999 zikaja bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na fomu inayoitwa 1099-R, ya kueleza akiba aliyoitoa, na ndani yake kisanduku cha saba kilikuwa na tarakimu moja tu: 1. Dunstan akaiangalia akaridhika. Namba wani. Alidhani ni pongezi.

Bahasha ya pili ilitoka parokiani kwao Mbinga. Alikuwa ameiandikia parokia mwenyewe kabla ya Krismasi, maana hakuna padri anayefungisha ndoa bila cheti kipya cha ubatizo, na Dunstan ni mtu wa kujiandaa hata kwa ndoa ambayo bibi harusi hajaambiwa. Cheti kilisema: amezaliwa 11 Februari 1938. Chini yake padri alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, akagonga na muhuri, "Kwa ajili ya kufunga ndoa." Dunstan akakikunja mara nne akakitia mfuko wa ndani wa jaketi la ngozi, akawa anakwenda nacho kila mahali kwa kuogopa Leonard asikione.

Sasa nani anamfanyia Dunstan fomu zake za kodi? Mama Isack, nani mwingine. Siku za kazi alikuwa ofisi ya mishahara mjini Washington. Jumamosi, kuanzia Februari mpaka tarehe kumi na tano Aprili, meza yake ya jikoni ilipokea Watanzania, Wakenya, na Wakongo wanaosema "déclaration" huku wakifuta jasho. Watu walipaita kitubio. Ukiingia unasema yote, maana padri anakusikiliza kwa niaba ya Mungu, ambaye ana subira, lakini Mama Isack alikusikiliza kwa niaba ya serikali. Alitoza dola arobaini na hapunguzi.

Jumamosi moja ya Machi Dunstan alivaa jaketi, akapaka piko mpya, akakunja paa la Mustang ili aonekane akiingia, akashika barabara ya Beltway. Hali ya hewa ilikuwa baridi, lakini ujana hauoni baridi. Alipofika darajani juu ya mto Potomac yakaanza manyunyu. Akabonyeza kitufe cha paa. Paa likanyanyuka nusu, likatoa mlio, likakataa kuendelea. Alivuka daraja zima kwa mwendo wa pole, paa limesimama wima juu ya kichwa chake, malori yakimpigia honi. Alipopaki Temple Hills, piko ilikuwa inamchuruzika nyuma ya masikio mpaka kwenye kola.

Sebuleni kulikuwa na mtu mbele yake kwenye foleni: Haki, Mmarekani Mweusi wa Bowie, mwalimu wa shule ya sekondari aliyejifunza Kiswahili chuoni akakipenda kuliko wenyewe tunavyokipenda. Alikuwa na miaka hamsini kasoro mmoja, ya kweli, yenye cheti cha hospitali. Alikuwa na nyumba isiyoungana na ya jirani. Na kila Jumapili alimbebea Mama Isack sufuria mpaka kwenye gari. Dunstan hakumpenda hata kidogo.

Haki akasimama wima, akainama. "Shikamoo, mzee wangu. U hali gani?"

"Mambo vipi," Dunstan akasema.

"Sijambo," Haki akajibu kwa uangalifu, "lakini sijapata marahaba."

"Utapata siku nyingine."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Isack alikuwa amevaa khanga kiunoni, miwani kwenye ncha ya pua, na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Haki alikuwa ameleta karatasi tu za kuacha, akaomba asubiri chai. Kwa hiyo akaachwa sebuleni na daftari lake la misamiati, Dunstan akaitwa ndani.

"Shikamoo, Mzee Dunstan."

"Marahaba."

Akampa karatasi ya kujifutia. "Shingo. Unatiririka."

Dunstan akajifuta, akakaa. Ukutani mbele yake kulikuwa na picha ya Isack, mtoto mkubwa wa mama huyu aliye Houston, amekumbatia puto kubwa lenye namba 40. Dunstan aliiona picha ile, akaona Isack amenenepa, basi. Mapenzi hayajui kutoa wala kujumlisha.

Mama Isack alipitia karatasi za mshahara haraka haraka, hoteli na nyumba ya wazee, dola elfu ishirini na saba. Kisha akafika kwenye 1099-R, akaivuta karibu na miwani.

"Ulitoa fowa-wani-kei?"

"Niliitoa."

"Yote?"

"Kwani inatolewa robo kilo?"

"Hii namba moja hapa unajua maana yake?"

"Namba wani," Dunstan akasema, na meno yote yakaonekana.

"Maana yake umeitoa mapema, hujafika umri, na hawajui sababu yoyote ya kukusamehe. Unaiandika yote kwenye fomu kama mapato, unalipia kodi. Halafu juu ya kodi kuna adhabu ya asilimia kumi. Dola elfu moja na mia nane na arobaini."

"Si walishakata asilimia ishirini palepale?"

"Ile ilikuwa kodi. Hii ni kiboko."

Dunstan akahisi njaa ya ghafla, ambayo kwake ndiyo dalili ya hofu. "Hakuna msamaha?"

"Upo. Twende mmoja mmoja. Ulipata ulemavu?"

"Hapana."

"Ulikufa?"

"Mama Isack."

"Nauliza kwa sababu msamaha wa kufa upo. Sawa, hukufa. Mwaka jana ulilipia matibabu yoyote makubwa?"

Hapo Dunstan akaangalia sakafu. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka polepole. Mama Isack alisubiri. Watu waliokiri kwenye meza ile walishaficha watoto wa nje na biashara za mitumba, na wote aliwangoja namna ileile.

"Meno," Dunstan akasema, kwa mdomo uliofungwa.

"Meno yapi?"

"Haya."

"Lipi?"

"Yote, mama. Yote. Risiti hii hapa."

Akaipokea bila kutabasamu, na hilo Dunstan alilishukuru. Mashine ya kujumlishia ikalia, karatasi ikajikunja mezani. Akaeleza kwamba matibabu yanahesabika yale tu yanayozidi asilimia saba na nusu ya mapato yote, na mapato yake yote kwa pamoja yamefika elfu arobaini na tano na mia nne, kwa hiyo katika elfu nne na mia tatu za meno, zinazosalimika ni mia nane tisini na tano. Akabonyeza tena. "Meno yako yamekuokolea dola themanini na tisa na senti hamsini."

"Basi?"

"Basi. Na risiti ya piko usinipe, piko si matibabu. Adhabu imebaki elfu moja na mia saba hamsini na nusu dola."

"Msamaha mwingine."

"Umebaki wa umri." Akaegemea kiti. "Iko milango miwili. Ukiacha kazi katika mwaka unaotimiza hamsini na mitano, au baada ya hapo, fedha ya mwajiri huyo unaichukua bila adhabu. Wewe umeandikwa wa arobaini na nne. Mwaka jana ulikuwa na hamsini na minne. Umeukosa kwa mwaka mmoja."

Mwaka mmoja. Dunstan alimkumbuka karani wa Dar es Salaam, kalamu mkononi, akiuliza, "Nikupunguzie mitano au sita?" Naye akasema, mtu mwenye tamaa zake, piga sita.

"Na mlango wa pili?"

"Uwe umetimiza hamsini na tisa na nusu siku unayozichukua. Hapo husumbuliwi na mtu, usingedaiwa adhabu hata senti." Akamwangalia juu ya miwani. "Lakini huo si wako. Wewe bado kijana."

Alilisema neno hilo vizuri, bila kejeli, na kwa kweli Dunstan alikuwa amelisubiri tangu Pasaka. Lingesemwa mahali pengine angeondoka akiimba. Lakini lilisemwa juu ya karatasi ya mashine iliyoandikwa 1,750.50. Hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi miwili. Huyu ni mtu aliyekuwa anazunguka mtaa mara sita kutafuta maegesho ya bure. Mfukoni mwake, kwenye kifua chake cha kushoto, kulikuwa na karatasi ya muhuri inayosema yeye ni mtu wa mwaka thelathini na nane, kwamba milango yote miwili ameshaipita zamani, na kwamba serikali haina haki ya senti hata moja.

Akiitoa, anaokoa fedha na anampoteza Mama Isack. Akinyamaza, analipa, na anabaki tunalingana-lingana. Sebuleni Haki alikuwa anasoma misamiati kwa sauti ya chini, mjane, wajane. Wanasema mapenzi hayana bei. Wanaosema hivyo hawajapigiwa hesabu kwa mashine.

Nisikudanganye kwamba ni dhamiri iliyomsukuma. Ilikuwa ubahili. Mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni, ukatoka na cheti kimekunjwa mara nne, ukakiweka juu ya meza.

"Soma hicho," akasema. "Halafu uniandikie huo mlango wa pili."

Mama Isack akakunjua. Akasoma mara moja. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa, akasoma tena.

"Hiki hakikusaidii," alisema hatimaye.

"Kina muhuri wa misheni."

"Hata kingekuwa na muhuri wa Malaika Gabrieli. Nikiandika umevuka umri, watakuangalia kwenye kompyuta yao, watakuta 1944. Watakuandikia barua. Utawapelekea hiki. Watakuuliza kwa nini cheti cha uraia kina mwaka mwingine, na ulikula kiapo. Ukitaka kuzeeka kwa serikali, Dunstan, kuna ofisi tatu za kuzeeka kwanza, na moja kati ya hizo inaweza kukurudisha Mbinga. Lipa adhabu. Fomu hii haikuulizi ulizaliwa lini. Inakuuliza kama unadaiwa, na ukilipa yamekwisha."

Kwa hiyo amesema bure. Amejivua nguo sokoni na hata bei hakupunguziwa. Dunstan alikaa na mikono juu ya magoti yake ya miaka sitini na mmoja, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu amezikwa mama yake na yeye hakuweza kwenda. Alitaka kuondoka, lakini alikumbuka paa la gari na mvua.

"Kimeandikwa, kwa ajili ya kufunga ndoa," Mama Isack akasema. Bado alikuwa anakiangalia cheti. "Ndoa na nani?"

Mficha uchi hazai, na huyu hakuwa na cha kuficha tena. "Na wewe," Dunstan akajibu. "Nilijua hutaki mzee. Nikasema nijitengeneze kwanza. Fedha yote ile niliitoa kwa ajili yako, gari, meno, hata hili jaketi linalonibana. Nilitaka siku moja tu uniangalie bila kuniamkia. Kila ukinipa shikamoo nilikuwa naumia, na nilikuwa naitikia kwa sababu nilikuwa napenda kukusikia sauti. Basi. Niandikie hiyo adhabu nilipe, niende."

Mama Isack alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, kama anavyofanya asipoiamini mashine. "Thelathini na nane, Februari," akasema. "Sitini na mmoja."

"Ndiyo."

"Sitini na mmoja tu?"

"Tu?"

Akacheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka mpaka kalamu ikadondoka kutoka kwenye nywele, akashika meza, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mimi nilikupa sitini na saba," akasema. "Haki ya Mungu, Dunstan. Sitini na saba, au sabini ile siku ulipokuja na jaketi. Nilijisemea, mtu haufukuzi ujana kwa mbio hizi mpaka uwe umemwacha mbali sana. Zile nywele nyeusi, yale meno, nikasema, maskini mzee wa watu, anaomba asife. Ndiyo maana nikawa nakuamkia kwa heshima zote."

Dunstan hakujua achukie au afurahi. Alipungua miaka sita jikoni kwa mtu bila karani na bila shilingi tano, na meno yalihusika kumzeesha.

Mama Isack alikuwa ameshamaliza kucheka. Aligeuka akaiangalia picha ya Isack na puto lake, akamngoja Dunstan naye aiangalie. Safari hii Dunstan aliisoma ile namba. Arobaini. Akaichukua hamsini na mbili, akaitoa arobaini, akabaki na kumi na mbili, na kumi na mbili ni umri wa darasa la sita, si umri wa kuzaa Isack mwenye kilo nne.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini. Unadhani wewe peke yako ulikuwa na karani?" Akavuta kiti karibu, sauti akaishusha kwa sababu ya sebuleni. "Mimi wa thelathini na saba, Novemba. Hilo ni lako na langu, na likifika Bowie nitajua limetoka wapi. Novemba mpaka Februari ni miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu. Miezi mitatu mbele yako. Na miaka tisa tangu tujuane umekaa unapokea shikamoo zangu, kanisani, misibani, mbele za watu, na wewe mtoto mdogo. Unajua ulichofanya? Umezichukua kabla ya umri." Akaipigapiga 1099-R kwa kidole. "Zote umezitoa mapema na huna sababu inayojulikana. Hizo utazirudisha, na asilimia kumi juu."

Dunstan alianza kutabasamu, halafu akakumbuka meno, halafu akaona haina haja, akatabasamu hivyohivyo. "Na masharti ya Pasaka?" akauliza. "Ulisema awe mdogo kwako."

"Nilisema aje kuniuguza. Magoti yangu yote mawili ni mabovu, na sukari inapanda. Utaweza?"

"Nitaweza." Alilisema bila mzaha, na yeye mwenyewe akalisikia.

"Haki alishaniuliza, ujue. Mtu mzuri. Lakini ananiamkia mpaka kwenye simu. Siwezi kuolewa na mtoto wa shule." Akaipanga fomu, akaandika 1,750 na nusu kwenye mstari wa adhabu, akamsogezea pamoja na kalamu. "Sahihi hapa. Kwa serikali endelea na ujana wako, umeshaulipia. Na dola arobaini zangu, usisahau."

Dunstan akatia sahihi. Akahesabu noti mbili za ishirini, akaziweka mezani, hazikumuuma. Alinyanyuka kuaga, akatafuta neno, na kwa mazoea ya miaka tisa akasimama kidogo pale mlangoni kuisubiri shikamoo yake. Haikuja. Mama Isack alikuwa amekaa wima, mikono imekunjwa juu ya khanga, anamwangalia.

"Unangoja nini," akasema. "Nisalimie."

Sebuleni Haki alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye daftari, kalamu tayari, maana mlango ulikuwa wazi nusu. Dunstan alimwona, na Mama Isack naye alimwona, ila hakuufunga mlango. Alijua jambo hili litafika Bowie kabla ya Misa ya kesho, litafika Falls Church kwa Leonard, litafika kila mahali ambako yeye ni kijana. Akavua jaketi, maana lilimbana kuinama. Piko ilikuwa imekauka shingoni.

"Shikamoo, Genoveva," akasema.

"Marahaba," akaitikia, taratibu, na akaivuta mpaka mwisho.